Maneno ya Seyyid Khalid kabla ya mizinga: toleo lipi liandikwe?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli ya sekondari huku Wete, Pemba. Tunatayarisha ubao wa maonyesho kuhusu vita vya Waingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896, na wanafunzi wameleta matoleo matatu ya maneno ambayo Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, aliwaambia Waingereza. La kwanza: "Hatuna nia ya kushusha bendera yetu, na hatuamini kwamba mtatupiga mizinga." La pili, linalozunguka kwenye simu, linasema aliwaambia kuwa hawathubutu. La tatu linasema aliyatamka hadharani, juu ya roshani ya Beit el Ajaib (Jumba la Maajabu, Forodhani), huku umati ukimshangilia. Nitajuaje lipi ni sahihi, na niandike lipi?

JIBU: Mwalimu, waalaykum salaam.

Ubaoni weka toleo la kwanza, na chini yake useme limepita mikononi mwa nani. La pili ni hilo hilo la kwanza lililotiwa chumvi. La tatu liache nje mpaka apatikane shahidi wa kulisimamia. Lakini wewe hukuuliza lipi tu, umeuliza utajuaje, na hapo ndipo penye faida kwa wanafunzi wako, maana mwakani watakuletea maneno ya kiongozi mwengine wa vita vyengine.

Kabla ya kugombania maneno, panga saa. Chukua karatasi ndefu, uandike siku tatu zile zilivyokwenda, kisha ulitie kila toleo mahali pake uone kama linakaa.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Jumanne, 25 Agosti 1896. Siku hiyo hiyo Khalid akaingia katika jumba la kifalme na kujitangaza Sultani, bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao kwa mikataba walikuwa wameshajipa sauti juu ya nani akalie kiti. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Jumatano tarehe 26 akafika Admeri Harry Rawson na manowari St George, na alasiri yake Khalid akapelekewa onyo la mwisho lenye masharti mawili: ashushe bendera na atoke jumbani, yote kabla ya saa 3 asubuhi ya Alkhamisi, la sivyo jumba litapigwa. Alkhamisi saa 2 asubuhi akaja mjumbe wa Khalid kuomba mazungumzo. Basil Cave, aliyekuwa akiuendesha ubalozi wa Kiingereza siku hizo, akamrudisha na jibu kwamba usalama wake umo katika kuyakubali masharti na si penginepo. Saa 2 na nusu ukaja ujumbe wa pili, na huo ndio wenye maneno unayoyauliza. Cave akajibu kwamba hawataki kufyatua mizinga, lakini Khalid asipofanya alivyoambiwa, bila ya shaka watafyatua. Saa 3 kasoro dakika 5, hakuna neno jipya kutoka jumbani, St George ikapandisha ishara ya kujiweka tayari. Saa 3 kamili Lloyd Mathews, waziri wa Kiingereza katika serikali ya Sultani, akatoa amri. Saa 3 na dakika 2, manowari Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua kwa pamoja.

Ukishaipanga hivyo, mambo mawili yanajitokeza yenyewe. Kwanza, maneno yale ni jibu. Onyo lilitaja bendera na mizinga, na sentensi inajibu bendera na mizinga, kwa mpango ule ule. Pili, jibu la Cave nalo limeshika neno lile lile la kufyatua. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika suala hili. Maneno yaliyojibiwa papo kwa papo, na jibu lake likahifadhiwa pamoja nayo, ni vigumu kuyazua baadaye, kwa sababu mzushi atalazimika kuzua pande zote mbili na kuzitia ndani ya nusu saa ile ile.

Kwa watu wa kwetu njia hii si ngeni. Wataalamu wa hadithi hutazama sanad, yaani nani kapokea kutoka kwa nani, kisha hutazama matini, yaani maneno yenyewe kama yanakaa sawa. Wafundishe wanafunzi wako vitu hivyo viwili kwa majina hayo hayo; watakuelewa mara moja, kwa sababu wengi wao wameshavisikia chuoni, yaani madrasa.

Sanad ya toleo la kwanza ni hii: Khalid, mjumbe wake, Cave, maandishi ya Kiingereza, vitabu vya historia vya Kiingereza, mfasiri wa Kiswahili wa zama zetu, simu ya mwanafunzi wako. Ihesabu vizuri. Maneno yametoka jumbani, kwenye watu wa Kiarabu na Kiswahili, yakaingia katika Kiingereza mwaka 1896, kisha yakarudishwa katika Kiswahili zaidi ya miaka mia baadaye. Kwa hiyo Kiswahili kilichomo kwenye alama za kunukuu si sauti ya Khalid. Ni maana iliyotufikia kupitia kwa mtu aliyekuwa akijitayarisha kumpiga. Hilo halilifanyi kuwa la uongo, lakini linalazimu kusemwa. Cave hakuwa na sababu kubwa ya kuligeuza jibu hilo, kwani kukataa kwa namna yoyote kulimtosha. Hata hivyo, aliyeandika ni yeye na watu wake, na mtu anayesoma ubao wako ana haki ya kulijua hilo.

Toleo la pili sanad yake inaishia hewani. Ukimuuliza aliyelituma kalitoa wapi, atakwambia kalitumiwa. Lakini matini yake inasema zaidi: ni toleo la kwanza lenye neno moja lililobadilishwa. Kusema huamini kwamba mtu atakupiga ni kupima nia yake. Kusema hathubutu ni kumtukana. Mfasiri au msambazaji mmoja akitaka sentensi ipige zaidi kifuani, hufanya badiliko kama hilo na hajioni kuwa amezua. Unapokuwa na matoleo mawili yenye mifupa ile ile, moja la upole na moja la ukali, uliangalie la ukali kwa shaka kwanza. Maneno yakizunguka, hupata makali. Ni mara chache yakazunguka yakapoteza makali.

Toleo la tatu linaangukia katika matini. "Mtatupiga" ni maneno ya kumwambia adui aliyesimama mbele yako, si umati ulio upande wako. Mtu akihutubia watu wake husema "hawatatupiga". Hilo peke yake si hukumu, kwa sababu msimuliaji anaweza kubadilisha nafsi, lakini ukiliweka pamoja na ratiba unaona kwamba hotuba ya roshani ni tukio jengine kabisa, linalohitaji shahidi wake, saa yake na siku yake. Halina hata kimoja. Roshani yenyewe ni mandhari ya watu wa picha na video: kila anayeijua Forodhani anaiona akilini, na ndiyo maana hadithi imepanda huko juu.

Kuna kipimo kimoja chepesi ambacho kitakusaidia kupanga karatasi za wanafunzi kabla hujasoma hata nusu yake. Tazama saa. Karatasi inayosema jumba lilipigwa "saa 9 asubuhi" imenakiliwa kutoka Kiingereza na mtu asiyefikiri, kwa sababu kwetu saa 9 ni ya alasiri au ya usiku wa manane. Muda wa onyo ulikwisha saa 3 asubuhi. Aliyekosea hapo amebeba na mengine bila ya kuyatazama, basi usimtumie kuwa shahidi wa maneno. Vivyo hivyo tarehe: 27 Agosti 1896 iliangukia Alkhamisi, ndani ya Mfunguo Sita (Rabiul-Awwal) mwaka 1314 Hijria, siku chache baada ya Maulidi. Simulizi inayotaja Ramadhani, au inayotaja Ijumaa baada ya sala, imehama mahali pake. Kwa tarehe kamili ya Hijria acha nafasi ya siku moja mbele au nyuma kwa sababu ya mwandamo. Asikudanganye mtu na hesabu ya kompyuta kana kwamba ndiyo mwezi ulioonekana Unguja.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko uchaguzi wa toleo. Hata toleo sahihi linaweza kusema uongo likikatwa vibaya. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Japani. Admeri Isoroku Yamamoto, aliyewahi kusoma na kufanya kazi Marekani na akaijua nguvu ya viwanda vyake, aliandika barua Januari 1941 kwa mwanasiasa mzalendo Ryoichi Sasakawa. Ndani yake alisema kwamba vita vikizuka na Marekani, haitatosha kuchukua Guam na Ufilipino, wala Hawaii na San Francisco. Ili ushindi uwe wa hakika, itabidi waende mpaka Washington wakaamuru masharti ya amani ndani ya Ikulu ya Marekani. Kisha akaongeza kwamba anajiuliza kama wanasiasa wao, wanaoizungumzia vita kirahisi namna ile, wana imani na mwisho wake na wako tayari kwa kafara inayotakiwa. Barua ilipotangazwa Japani, sentensi ya mwisho iliondolewa. Baada ya Wajapani kuipiga Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani, Desemba 1941, Wamarekani wakaipata ile iliyokatwa na kuieneza kama jigambo la mtu aliyekusudia kuingia Ikulu yao. Onyo la kuwatahadharisha watu wake likawa majivuno, na hakuna neno hata moja lililozuliwa. Kilichofanyika ni mkasi tu.

Ndiyo maana kila toleo sahihi uliulize swali hili: kabla yake kulisemwa nini, na baada yake kulisemwa nini?

Kwa Khalid, kilichokatwa ni saa 2 asubuhi. Karibu kila anayenukuu maneno ya saa 2 na nusu huacha kusema kwamba nusu saa kabla yake mtu yule yule alipeleka mjumbe kuomba mazungumzo. Ukiuondoa ujumbe ule wa kwanza, unabaki na kijana mwenye kiburi anayewapigia Waingereza kifua. Ukiurudisha, unabaki na mtu aliyeomba kuzungumza, akaambiwa hakuna la kuzungumza, kisha akashika msimamo wake na kusema anavyowapima wenzake. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuyatenganisha vizuri sana akipewa saa zote mbili.

Na je, kupima kwake kulikuwa upumbavu? Wengi huandika hivyo kwa sababu wanajua mwisho. Jiweke Jumanne jioni. Khalid alikuwa amewahi kukitaka kiti hicho mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, na safari ile mambo yakamalizika bila ya jumba kupigwa mizinga. Mbele yake sasa walikuwepo Waingereza wale wale. Tena Jumanne hiyo wao wenyewe hawakuwa na idhini: Cave alipeleka simu kwa Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, kule London kuuliza kama, njia zote za amani zikishindikana, wameruhusiwa kulipiga jumba kutoka manowarini. Jibu la Salisbury liliwaruhusu kuchukua hatua yoyote wanayoiona ya lazima na kuwaahidi kuungwa mkono, pamoja na tahadhari kwamba wasianzishe jambo wasilokuwa na hakika ya kulimaliza. Basi aliyeamini Jumanne kwamba hawatapiga hakuwa mbali na ukweli, na aliyeamini hivyo Alkhamisi alikuwa amepitwa. Khalid hakuiona simu ya Salisbury. Wanafunzi wako wameiona. Waeleze tofauti hiyo waziwazi, kwa sababu bila ya hiyo watamhukumu mtu kwa habari ambayo hakuwa nayo.

Kuna mwenendo mwengine wa kuuangalia: maneno ya viongozi wa vita huvutwa kuelekea tukio lililoyakanusha. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, anasifika kwa kusema kwamba ndege ya adui ikifika mahali fulani, watu wamwite Meier, jina la kawaida kabisa la Kijerumani. Jina Meier limo katika matoleo yote. Mahali ndipo panapobadilika: pengine ni bonde la Ruhr lenye viwanda, pengine ni Berlin, pengine ni ardhi yote ya Ujerumani. Berlin ilipigwa na ndege za Waingereza kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti 1940, na msimulizi wa baada ya hapo, akijua hayo, huona Berlin inakaa vizuri zaidi katika hadithi. Fanya kama mtafiti wa Göring anavyotakiwa kufanya: tenga kiini kisichobadilika na pembeni panapobadilika, kisha ujiulize kila pembe inamfaidisha nani.

Kwa Khalid pembe zenyewe ni mbili. Shirika la Reuters liliripoti kwamba alikimbia tangu mzinga wa mwanzo pamoja na wakubwa wenziwe, akawaachia watumwa na wafuasi wapigane. Taarifa nyengine zinasema alibaki jumbani kwa muda zaidi. Anayetaka kumdhihaki huweka toleo la "hawathubutu" na kuambatanisha mbio za mzinga wa kwanza. Zikikaa pamoja hutoa kichekesho kizuri. Anayempenda humpandisha roshani. Wote wawili wanatengeneza sanamu. Kilicho thabiti ni kwamba alipata hifadhi katika ubalozi wa Ujerumani, na tarehe 2 Oktoba 1896, bahari ilipojaa mpaka kwenye bustani ya ubalozi ule, akapanda mashua ya manowari ya Kijerumani bila ya kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni katika visiwa vya mbali, mwisho wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, na akafariki Mombasa mwaka 1927.

Sasa namna ya kwenda kutafuta mwenyewe. Kwa Unguja mahali pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Kilimani. Uliza kwanza kwa simu masharti na ada, kisha beba kitambulisho na barua ya skuli yenye muhuri inayotaja mada na miaka unayotaka. Barua inayosema "utafiti wa historia" tu hukuchelewesha, kwa sababu mhudumu hajui akupe nini. Taja: mawasiliano ya ubalozi wa Kiingereza, Agosti mpaka Oktoba 1896. Omba katalogi kabla ya kuomba jalada. Beba penseli, si kalamu ya wino. Usilowanishe kidole kufungua kurasa. Karatasi za umri ule, na joto letu na chumvi ya hewa, huvunjika pembeni. Wanaotoka Pemba nawashauri wasipange kazi hii kwa siku moja ya kushuka melini na kurudi, kwa sababu jalada la kwanza mara nyingi hukuelekeza kwenye la pili, na la pili huletwa kesho.

Omba pia gazeti la serikali la wakati ule, The Gazette for Zanzibar and East Africa, lililoanza mwaka 1892. Tazama matoleo ya mwisho wa Agosti na ya Septemba 1896. Lisome ukijua kwamba lilikuwa likisemea upande ulioshinda.

Kinachowapotezea watu muda zaidi ni majina. Ukitafuta "Khalid" peke yake utakosa nusu ya karatasi. Tafuta na "Khaled", na "Seyyid" kwa tahajia zake zote. Hamad bin Thuwaini utamkuta kama "Hamed" na "Thwain". Hamoud kama "Hamud", na ni rahisi sana kumchanganya na Hamad aliyekufa, kosa ambalo limo hata katika maandishi yaliyochapishwa. Njia bora ni kutafuta kwa tarehe kwanza, halafu kwa jina la aliyeandika, yaani Cave, Mathews na Rawson, na mwisho ndipo utafute jina la Khalid.

Ukiwa na mtu London, mwambie aende Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, akatazame mawasiliano ya Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu Zanzibar kwa mwaka huo, na madaftari ya safari ya manowari tano: St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Daftari la meli halitakupa maneno ya Khalid, lakini litakupa dakika, na dakika hazina mapenzi na mtu. Kwa jicho la mtu wa pembeni kuna balozi wa Marekani, Richard Dorsey Mohun, aliyekuwepo mjini. Yeye ndiye aliyeandika kwamba usiku wa kuamkia vita kimya kilitisha: kwa kawaida ngoma zililia au watoto walilia, lakini usiku ule hapakusikika kitu. Shahidi ambaye hakuwa wa jumba wala wa manowari ana thamani kubwa, hata pale asipotaja maneno unayoyatafuta.

Magazeti ya Ulaya ya siku zile yasome kwa uangalifu wa namna nyengine. Habari zilitoka Unguja kwa waya wa chini ya bahari uliotufikia kutoka Aden mwaka 1879, na waya ulilipiwa kwa kila neno. Mpelekaji hufupisha, mhariri hurefusha. Sentensi ya maneno kumi ndani ya gazeti inaweza kuwa imetoka katika maneno manne ya simu, na hayo sita yaliyobaki ni ya mhariri. Kwa hiyo maneno ya kunukuu yaliyomo gazetini peke yake, bila ya kuwemo katika barua rasmi, yape daraja la chini.

Kisha kuna wazee, na hapa sikubaliani na wanaosema simulizi za mdomo zitupwe. Karatasi zote nilizozitaja ni za upande mmoja. Upande wa jumba, ambako inakadiriwa watu kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa, wakati Waingereza walikuwa na baharia mmoja tu aliyejeruhiwa, haukuacha daftari. Uliacha wajukuu. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1896 akaishi mpaka 1950 aliweza kumsimulia mtoto aliyezaliwa 1935, na mtoto huyo leo ni mzee wa miaka tisini. Hapo una sanad ya mtu mmoja katikati, nayo si mbaya hata kidogo. Lakini uliza kwa adabu na kwa utaratibu. Usianze kwa kumsomea mzee sentensi na kumuuliza kama ni kweli, maana kwa heshima atakwambia ndiyo. Anza na: "Babu, siku jumba lilipopigwa, nyumbani kwenu mlisimuliwa nini?" Mwache amalize. Halafu: "Wewe ulisikia kwa nani? Na yeye alikuwa wapi siku hiyo?" Mwisho kabisa, kama hakuyagusa maneno, uliza: "Mlisikia Seyyid Khalid aliwajibu nini Waingereza?" Andika alivyosema, kwa lafudhi yake, bila ya kumsahihisha. Uliza pia kama alisoma skuli au aliwahi kusikiliza kipindi cha redio juu ya habari hizo. Simulizi iliyopita kitabuni ikarudi mdomoni huhesabiwa kuwa kitabu. Wazee wawili wa nyumba moja ni shahidi mmoja. Wawili wa mitaa mbali mbali, wasiojuana, wenye kiini kimoja, hao ni wawili.

Jambo dogo la mwisho kabla ya maandishi yenyewe, kwa sababu najua wanafunzi watalileta: dakika 38, 40 au 45? Hapa hakuna mwongo. Ukihesabu tangu mzinga wa kwanza, saa 3 na dakika 2, mpaka saa 3 na dakika 40, unapata 38. Ukianzia saa 3 kamili unapata 40. Anayeanzia hapo hapo akamalizia saa 3 na dakika 45 anapata 45. Wape zoezi hilo kabla ya lile la maneno, kwa sababu linawaonyesha kwamba tofauti nyengine zinatokana na mahali mtu alipoanza kuhesabu, na si kila tofauti ni uzushi.

Ubaoni ningeandika hivi:

"Alkhamisi, 27 Agosti 1896, saa 2 asubuhi, Seyyid Khalid bin Barghash alipeleka mjumbe kuomba mazungumzo. Waingereza wakamtaka akubali masharti yao kwanza. Kiasi cha saa 2 na nusu alipeleka ujumbe mwengine, ambao umetufikia kwa Kiingereza kutoka upande wa Waingereza, wenye maana hii: Hatuna nia ya kushusha bendera yetu, na hatuamini kwamba mtatupiga mizinga. Basil Cave akajibu kwamba hawataki kupiga, lakini asipofanya alivyoambiwa, hapana shaka watapiga. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza."

Usitie picha ya roshani pembeni yake, kwa sababu jicho litaunganisha ulichokitenganisha. Tia mchoro wa saa, kutoka saa 2 mpaka saa 3 na dakika 45, na kila tukio kwenye dakika yake. Toleo la "hawathubutu" na lile la roshani yaweke kwenye ubao mdogo wa pili, wenye kichwa "Yanayosimuliwa", na mbele ya kila moja uandike aliyelileta, alikolipata, na tarehe. Acha na mistari mitupu chini. Watu wazima wa Wete watakaokuja kutazama maonyesho huenda wakawa na la kuongeza, na mwanafunzi mmoja awepo hapo na daftari na penseli kuwauliza walilisikia kwa nani.